Sufuria Juu ya Antena

Jumatatu, 4 Machi

Nimelala vibaya. Sababu ni kombe.

Jana tulikwenda kumsalimia mama mkwe. Kombe liko kabatini, nyuma ya kioo, katikati ya vikombe vya wageni. Kombe la Wepesi, mara ya tano mfululizo. Si langu. Ni la shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa rilei kama mimi. Yeye yuko kituo cha umeme cha mwisho wa laini, mimi niko kituo cha mwanzo. Laini moja, mafundi wawili, mama mkwe mmoja.

Nieleze vizuri, maana siku nikifa kwa presha mke wangu atasoma hapa na asielewe kilichoniua. Rilei ni kisanduku kinacholinda laini. Kikihisi hitilafu, tawi limegusa waya au radi imepiga, kinaamuru swichi kubwa ikate umeme kabla mitambo haijaungua. Kisha kinaandika saa iliyokata, mpaka vipande vidogo vya sekunde. Kila baada ya miezi mitatu meneja analinganisha maandishi ya vituo vyetu viwili. Aliyewahi kukata anapewa kombe. Shemeji huwahi kila mara. Kwa unywele tu. Lakini kila mara!

Laini ileile. Rilei za aina ileile. Hata rangi ya visanduku ni moja. Kwa nini yeye?

Mama mkwe aliniuliza jana kama mimi nimeshawahi kupata. Nikasema bado. Akasema haya, akaniongezea chai. Ile "haya" imenikaa kooni mpaka sasa. Nimemeza maji glasi tatu na haishuki.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili! Imenijia nikipiga mswaki, nusura nimeze dawa.

Si lazima rilei yangu iwe nyepesi. Inatosha saa yake iwe nyuma. Mwenye saa iliyochelewa huapa kwamba aliwahi, na anaapa kwa moyo safi. Nikiirudisha nyuma kidogo tu, unywele, kila itakachoandika kitaonekana kimetokea mapema. Kombe litahama kabati.

Tatizo ni setilaiti. Rilei zote za kituo zinapewa saa na saa kuu, iliyo ndani ya chumba cha mitambo. Saa kuu nayo inapewa saa na setilaiti, kupitia antena ndogo ya mviringo juu ya paa. Ukiirudisha nyuma kwa mkono inasahihishwa kutoka angani kabla hujakaa kitini. Kuchomoa waya haiwezekani: umepigwa lakiri, na ukichomoka king'ora kinalia ofisini kwa meneja. Ila antena ikishindwa kuona anga, hakuna king'ora. Kinawaka kitaa cha njano tu. Sisi wote tukiona kitaa cha njano tunasema ni mawingu, tunaendelea na chai.

Kwa hiyo antena ifunikwe.

Mchana nimepanda na ndoo ya plastiki. Nimeifunika. Nimeshuka mbio kutazama. Saa kuu inaendelea kama kawaida, kitaa cha kijani, haina habari. Plastiki haizuii kitu. Nimepanda tena kuitoa ndoo. Mimi na ngazi hatujawahi kupatana.

Inatakiwa chuma. Kizito, cha mviringo, chenye ukubwa wa kichwa cha mtu.

Usiku huu wakati wa kula nimeitazama sufuria iliyo jikoni. Ile nene, ya masikio mawili, aliyotupa mama mkwe siku ya harusi. Mke wangu ameniuliza mbona naikodolea macho. Nimesema nimeshiba.

Jumatano, 6 Machi

Imekwisha. 

Sufuria niliitoa nyumbani ndani ya mfuko wa nguo chafu. Paani ilikaa juu ya antena utadhani zilipimwa pamoja. Nimeshuka. Kitaa cha njano! Saa kuu imepotewa na setilaiti zake zote, imebaki yatima, inasubiri mtu aiambie ni saa ngapi.

Nikaiambia. Nilikuwa na redio ndogo sikioni, ile milio ya kabla ya taarifa ya habari. Hesabu yangu: mlio wa mwisho ukilia nibonyeze, lakini niwe nimeandika saa iliyo nyuma kwa unywele. Mlio wa mwisho ukalia. Kidole kikakataa! Kilikuwa na jasho, kikateleza kando ya kitufe. Nikabonyeza tena. Sijui nilichelewa kiasi gani. Unywele, nadhani. Labda nywele mbili.

Kibaya ni kwamba mlinzi alikuwa chini ya ngazi nikishuka kutoka paani. Mlinzi wetu tunamwita Macho, na hakupewa jina hilo bure. Akaniuliza bosi, huko juu kuna nini. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nikasema kuna kiota cha njiwa, nilikwenda kutazama mayai. Uso wake ukachanua. Kumbe anapenda ndege! Akaniuliza mayai ni mangapi. Nikasema mawili. Akauliza mama yao yupo. Nikasema ametoka kidogo.

Kwa nini nisingesema nilikwenda kufagia paa? Kwa nini?

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna hitilafu. Laini imetulia kuliko miaka yote. Nimekaa mbele ya rilei tangu asubuhi nikiiombea tawi, upepo, hata popo mmoja mnene. Kisha nikaogopa kwamba dua mbaya humrudia mwenyewe, nikaomba msamaha. Kisha nikaomba tena, tawi dogo tu.

Macho ameleta mtama kwenye karatasi. Anataka nimpelekee mama njiwa. Nimekubali. Nifanye nini? Nimepanda tena ile ngazi, nikamwaga mtama juu ya kitako cha sufuria, nikashuka jasho jembamba linanitoka.

Jioni mke wangu ameuliza sufuria iko wapi. Nimesema nimemwazima mwenzangu wa kazini. Yupi? Wa zamu. Zamu ipi? Nyingine. Akasema kwamba mwanamume anayeazimisha sufuria ya mkewe bila kumwambia kesho ataazimisha kitanda. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 8 Machi

HITILAFU!

Saa nne asubuhi. Lori la mchanga lilikuwa likimwaga mzigo karibu na njia ya laini. Dereva akasahau kushusha bodi, akaondoka nayo ikiwa juu. Ikakamata waya, nguzo ikainama, mji mzima ukazima. Dereva aliruka salama, mchanga ukabaki katikati ya barabara. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia, maana ningeanza kujiuliza kama ni zile dua zangu.

Swichi yangu ilikata vizuri kabisa. Mlango wa kabati ulitikisika, moyo wangu nao. Nilikimbilia rilei, nikasoma saa, nikampigia shemeji huku nikijifanya namjulia hali. Nikamuuliza yake imeandika nini. Akanitajia.

Nimemshinda. Lakini si kwa unywele. Yangu imekata sekunde tatu kabla ya yake!

Sekunde tatu. Katika kazi yetu hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Shemeji akasema hongera, kwa sauti ya mtu aliyeng'atwa na kitu na hataki kusema wapi. Nimetembea kituo kizima nikipiga mluzi. Macho aliniuliza kama mayai yameanguliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Meneja amenipigia. Nilivaa shati jipya kabla ya kupokea, sijui kwa nini.

Hakupiga kunipongeza. Ameniuliza imekuwaje rilei yangu ikate umeme wa mji sekunde tatu kabla lori halijagusa waya. Nikasema labda ina hisia. Niliisikia feni yake ikizunguka.

Akaendelea. Mwenye lori amepata habari, katika mji huu hakuna siri. Sasa anakataa kulipia nguzo. Anadai umeme ulikuwa umeshakatika wakati dereva wake anafika, na kwamba nguzo iliinama yenyewe kwa uzembe wetu. Anasema ushahidi ni wa rilei yetu wenyewe, tumwombe radhi. Sikuwahi kufikiria hili. Nilifikiria kombe tu!

Kwa hiyo Jumanne anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Meneja amenieleza waziwazi. Ama rilei yangu ni mbovu, inakata ovyo, na fundi aliyeshindwa kuitunza ataenda yadi ya nguzo. Ama rilei ni nzima na saa ndiyo imeongopa, na huyo aliyeichezea saa ataenda yadi ya nguzo. Nimetafuta njia ya tatu. Hakuna. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Yadi ya nguzo! Huko watu wanapaka nguzo lami kutwa nzima. Lami haitoki kuchani. Nimesomea rilei miaka mingi, ni kazi pekee ninayoijua, na ndiyo pekee iliyomfanya mama mkwe akubali nimuoe binti yake. Siku ya posa aliuliza fundi wa nini. Nikasema wa rilei. Akauliza kama ni fundi kama mwanawe. Nikasema kama yeye kabisa.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu amenipokea kwa furaha: mama anakuja kesho, atakaa siku kadhaa. Na anataka kutupikia. Ameshauliza kama ile sufuria yake bado ipo.

Jumapili, 10 Machi

Mpango wa asubuhi: niitoe sufuria paani, niirudishe jikoni kabla mgeni hajafika. Rahisi. Nilikuwa nimeshashika sikio lake moja kwa mkono, mguu mmoja paani na mmoja kwenye ngazi, ndipo nikakumbuka. Antena ikifunuliwa, setilaiti zitaisahihisha saa kuu pale pale. Itaruka mbele sekunde tatu. Na rilei huandika kila mara saa yake inaporushwa! Mkaguzi atakuta imeandikwa: saa ilirudi nyuma Jumatano, ikaenda mbele Jumapili.

Halafu likaja wazo baya zaidi. Ile ya Jumatano si imeshaandikwa?

Imeandikwa. Niliganda palepale. Macho akapiga kelele kutoka chini, akauliza kama njiwa amenidonoa.

Nimeiacha sufuria. Sina nguvu ya kuandika kilichonipitia kichwani wakati nashuka.

Mama mkwe amefika saa sita. Ameingia moja kwa moja jikoni, mtandio bado begani. Ameuliza sufuria. Mke wangu amenigeukia. Nimesema mwenzangu wa zamu ameiazima kwa ajili ya msiba. Mama mkwe akasikitika, akauliza nani amefariki. Nikasema bibi yake. Akataka tufunge safari twende kumpa pole. Nikasema ameshazikwa, ni mbali, barabara imeharibika. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nimeitandika kwa uwongo kila hatua.

Mama mkwe ametumia sufuria ndogo, chakula kikamwagika mara mbili. Kila kilipomwagika alinitazama mimi, wala si jiko. Sikuweza kuinua uso. Nilihesabu vigae vya sakafu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata akili nyingine. Hii ni bora.

Nani amesema saa yangu ndiyo mbovu? Vituo viwili, saa mbili, hazipatani. Labda ya shemeji ndiyo imetangulia! Nayo ikikutwa ina kasoro, mkaguzi hatajua amwamini nani. Atatikisa kichwa, atasema mawingu. Kwa hiyo ya shemeji nayo ifunikwe. Mfuniko ninao. Mfuniko wa ileile sufuria.

Nimeufunga ndani ya gazeti, nikapanda pikipiki. Njiani roho ilikuwa inanisuta: huyu ni kaka wa mke wangu, alishika mkono wangu siku ya harusi, aliniuguza nilipovunjika kidole. Nilikaribia kugeuza. Kisha nikakumbuka kombe, nikaongeza mwendo.

Shemeji alikuwa huko kwenye laini, anasimamia mafundi wanaosimamisha nguzo mpya. Mlinzi wake ananifahamu, akaniruhusu niingie nimsubiri. Ngazi yao ni ndefu kuliko yetu. Nilipanda nimefumba macho. Nikafika juu, nikayafumbua.

Antena yake haionekani. Juu yake kuna sufuria.

Sufuria! Nene! Ya masikio mawili! Pacha wa yangu kabisa! Kandokando yake kumebanwa mawe madogo isipeperuke, kwa utulivu, kwa mpangilio, kazi ya mtu asiye na haraka. Imekaa pale muda mrefu, ina kutu ya mvua pembeni. Mara tano mfululizo! Kwa unywele! Kumbe!

Nilikaa chini juu ya lile bati la moto. Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Miaka yote hii nikijiona sifai, nikiimeza ile "haya" ya mama mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kilikuwa kinanikaribisha chai sebuleni kwao.

Kisha nikatulia, akili ikaanza kufanya kazi. Nina ushahidi mkononi. Na papo hapo nina sufuria ya kumpelekea mama mkwe! Sitahitaji kugusa ile ya kwangu. Mambo mawili yamemalizika kwa mkupuo. Nimeichukua, nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka kabla shemeji hajarudi. Mfuniko nimerudi nao.

Mama mkwe ameipokea. Nikasema jamaa wa msiba ameirudisha, anashukuru sana. Ameigeuza, akaipangusa kutu, akapitisha kidole juu ya sikio moja. Akaiweka mezani taratibu. Akaenda kulala bila kupika.

Nimefurahi. Sijui kwa nini usingizi hauji.

Baadaye. Nimejua kwa nini. Nimeifunua antena ya shemeji! Saa yake imesahihishwa leo mchana, imerushwa, na imeandika. Na mkaguzi kesho anaanzia kwake.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Kiti kimenishinda.

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi, miwani shingoni, viatu vya kazini haswa. Alifika kwangu saa saba na shemeji nyuma ya gari, shemeji amenuna. Kule ameshakuta saa iliruka jana mchana. Ameuliza nani alipanda paani. Mlinzi wa kule akajibu kwa heshima kwamba jana alikuja ndugu wa fundi tu, na aliondoka na sufuria.

Mkaguzi akaniuliza mimi kuhusu hiyo sufuria. Shemeji alikuwa ananitazama kwa jicho linalosema ukinitaja nitakutaja. Nami nikamtazama vivyo hivyo. Tulitazamana mpaka mkaguzi akachoka. Akasema basi ataanza na antena ya hapa.

Nikamwambia asipande. Nikasema ngazi ni mbovu. Hapo ndipo Macho alipojitokeza, mwenye furaha, amevaa kofia yake nzuri. Akasema ngazi ni nzima mama, bosi hupanda kila siku kulisha njiwa. Akashika ngazi mwenyewe ili mgeni asianguke.

Mkaguzi akapanda. Kisha tukasikia mabawa: njiwa halisi, kundi zima, walikuwa wanakula mtama juu ya kitako cha sufuria. Macho akapiga makofi. Mimi nikashika ukuta.

Mkaguzi akashuka na sufuria mkononi. Na kama vile hayo hayatoshi, nani anaingia getini? Mke wangu na mama yake, nyuma ya teksi, na sufuria ya pili mapajani! Sufuria mbili za masikio mawili zikawekwa juu ya meza yangu, kati ya redio na kikombe changu. Mama mkwe akaomba radhi kwa mkaguzi kwa kuingilia kazi. Akasema amekuja kwa jambo dogo. Jana mkwe wake alimletea sufuria ya msibani, lakini sikio lake moja lina msumari wa shaba. Msumari huo aliutia yeye mwenyewe, katika ile aliyompa mwanawe wa kiume. Sasa anataka kujua sufuria ya mwanawe ilifikaje msibani, na nani hasa aliyekufa.

Mke wangu alinitazama tu, na mimi ningependelea matusi.

Tukasema yote. Shemeji alianza, mimi nikamalizia, tukawa tunasahihishana. Mkaguzi alisikiliza huku anafuta miwani. Hukumu yake ilikuwa fupi. Rilei zote mbili ni nzima, zilikata pamoja kama zilivyotakiwa. Lori ndilo lenye kosa, na mwenye lori ataambiwa hivyo. Saa zote mbili ziliongopeshwa. Kombe linafutwa, na aliyelibuni atapewa barua yake, maana kuwashindanisha mafundi kwa vipande vya sekunde ni kuwafundisha wizi. Sisi wawili, yadi ya nguzo, kuanzia wiki ijayo.

Angeishia hapo ningevumilia. Lakini aliongeza. Akasema shemeji angalau alirudisha saa kwa ustadi, unywele, hakuna aliyegundua kwa muda wote huo. Mimi sekunde tatu! Akasema hata uongo unataka fundi.

Shemeji akatabasamu. Kidogo sana, lakini nilimwona.

Wakati wanaondoka nikamfuata mama mkwe mpaka kwenye teksi. Nikamwambia nilitaka tu kombe moja likae kabatini kwake, aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa bure. Akanishangaa. Akasema kombe lile? Lile hutilia sindano na vifungo. Hajui hata ni la nini. Alikuwa akiniuliza habari zake ili tupate la kuzungumza, kwa sababu nikifika kwake huwa nakaa kimya natazama kabati.

Sindano na vifungo! Nilisimama getini mpaka vumbi la teksi likatulia. Nilikuwa nalia. Macho akaniletea maji, akasema nisihuzunike, njiwa watarudi.

Jumatatu, 25 Machi

Wiki ya pili yadi ya nguzo. Lami haitoki kuchani, walisema kweli. Mke wangu amenitengea taulo langu na mlango wangu wa nyuma. Lakini juzi alinisugua mikono kwa mafuta ya taa bila kuombwa, nikajua nimesamehewa nusu.

Na nimejifunza. Nataka iandikwe hapa kwa wino. Nimejifunza kwamba wivu ni maradhi, na kwamba mama mkwe hanipimi kwa kombe. Jana tulikula kwake sote, mimi na shemeji tumekaa mkeka mmoja, tunanuka lami sawasawa. Amepika kwenye sufuria ya msumari wa shaba. Nilizungumza kutwa nzima na sikutazama kabati hata mara moja. Moyo ulitulia. Mara ya kwanza tangu nimeoa!

Jambo moja dogo tu. Alituuliza nguzo zinaendaje. Shemeji akawahi kujibu kwamba yeye anapaka nyingi kuliko mimi, na kwamba msimamizi husoma jina la aliyeongoza kila Ijumaa, mbele ya watu wote. Mama mkwe akasema haya. Akaniongezea chai.

Haya!

Nimechunguza. Shemeji yuko zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Zamu zinabadilishwa kwa kengele, na kengele inapigwa kwa kufuata saa kubwa ya ukutani, juu ya mlango wa stoo. Nimeitazama vizuri leo. Ni ya zamani. Haina antena, haina setilaiti, haiandiki chochote mahali popote. Inajazwa kwa ufunguo. Na msimamizi, akijua nilikuwa fundi wa mambo ya saa, ufunguo amenikabidhi mimi.

Asubuhi iende mbele kidogo, zamu yake ifupike. Mchana irudi nyuma kidogo, yangu irefuke. Unywele tu, na safari hii kidole nitakifuta jasho kwanza.

Saa iko juu sana. Kesho nitaomba ngazi.